Deni la Enoosaen

Kwa desturi ya Wamaasai wa Enoosaen, huko Trans Mara katika Kaunti ya Narok, mwenye ombi zito humwendea mzee kabla jua halijachomoza, kwa imani kwamba habari njema huja na mapambazuko. Kakenya Ntaiya aliifuata desturi hiyo hatua kwa hatua. Chuo cha Randolph-Macon Woman's College kule Virginia, Marekani, kilikuwa kimemkubali, lakini nauli hakuwa nayo, baba yake alikuwa mgonjwa, na wanaume wengi kijijini walishikilia kuwa bahati kama ile ingemfaa mvulana. Basi akabisha mlango wa mzee mmoja kungali giza. Mzee akamwelekeza kwa wengine. Kila alfajiri mlango mwingine, hadi wazee 16 wakaridhia na kijiji kizima kikamchangia.

Huyu ndiye msichana aliyeposwa akiwa na umri wa miaka mitano, na ambaye baadaye alimwekea baba yake sharti: atakubali kukeketwa iwapo tu ataachwa amalize sekondari. Ni bei ambayo mtoto yeyote hapaswi kutozwa ili aketi darasani.

Mchango wa kijiji ulikuja na ahadi: akisoma, atarudi awafae waliomchangia. Akapata shahada Virginia, akaendelea hadi uzamivu wa elimu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 2011. Hakungoja kofia ya uzamivu ndipo alipe. Mwaka 2009 shule yake ya wasichana ilikuwa tayari imefunguliwa Enoosaen, ikiwa na wanafunzi zaidi ya 30. Baadhi ya wanaume walitaka iwe ya wavulana. Akakataa, na mwishowe ardhi ikatolewa. Mzazi anayemleta binti yake pale hukubali kwamba hatakeketwa wala kuozwa mapema.

Na ni shule ya bweni. Hapo ndipo tofauti inapoonekana kati ya mfadhili anayeujua mji kwa ramani na yule aliyechota maji yake. Mgeni angelipa karo na kudhani kazi imekwisha. Kakenya alijua msichana anayelala nyumbani huamkia kuni, maji na wadogo zake, kisha hutembea njia ndefu yenye hatari, na akirejea jioni kazi humngoja tena. Karo haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Kitanda shuleni huvigusa vyote.

Kuna wanaohofia kwamba kumfunga kijana kwa ahadi ni kumnyima uhuru, na hofu hiyo ina uzito. Chris Mburu, mtoto wa maskini kutoka Mitahato, Kiambu, hakudaiwa chochote. Mwalimu mmoja wa Uswidi, Hilde Back, ambaye wakati huo hawakuwa wamewahi kuonana, alimlipia karo ya shule kwa fedha kidogo kila muhula. Mburu akasomea sheria Nairobi, kisha Harvard, na akawa wakili wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kusomesha watoto werevu wasio na uwezo, akaupa jina la mwanamke yule. Alipompata ndipo akajua kuwa ni Myahudi aliyekimbilia Uswidi akitoroka Wanazi. Kazi ya Mburu ilimpeleka mbali na Kiambu, lakini deni alilihisi na akalilipa akiwa huko huko. Kumbe kurudi si lazima kuwe kwa miguu.

Linalohitajika ni kwamba mtoto ajue kuna watu waliomshika mkono, na watu hao nao wajue kuwa wana haki ya kumuuliza. Harambee za zamani zililifanya hilo waziwazi: majina yalisomwa, kuku akanadiwa, na kijana akaondoka akijua ni nani aliyeuza mbuzi kwa ajili yake. Basari za leo zimeupoteza uso huo. Hundi huenda moja kwa moja shuleni, mara nyingi ikiwa imekatwa vipande ili kila mlalamishi apate kitu, na mwenye shida kubwa hurudishwa nyumbani katikati ya muhula kama ambaye hakupewa kitu.

Kamati za basari zinaweza kuanza na jambo dogo. Zigharamie wanafunzi wachache zaidi kila mwaka, lakini zimlipie kila mmoja hadi amalize. Likizo ikifika, wanafunzi hao wakae na watoto wa shule ya msingi waliyotoka, wawafundishe hesabu, wawaonyeshe vitabu vyao. Fomu ya basari huuliza mapato ya mzazi, huuliza kama mtoto ni yatima, hutaka muhuri wa chifu. Nafasi ya swali moja zaidi ipo: ukimaliza, ungependa kubadilisha nini hapa kwenu?