Tusinunue Stika: Tujifunze Kusoma Namba ya Prosesa



Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka jarida letu hili hubeba makala za elimu ya dini, za historia na nasaha za wazee wetu. Mwaka huu nimeomba nafasi nizungumzie jambo ambalo huenda kwa wengine likaonekana dogo, nalo ni ile namba inayofuata baada ya maneno "Core i5" au "Core i7" katika kompyuta ya mezani. Kwangu mimi si dogo hata kidogo, kwani namba hiyo imekwishakula pesa za wazazi wetu, na sisi tunaojiita wasomi tumekaa kimya.

Nina mjomba wangu anayeishi Kondoa. Mwaka 2024, baada ya kuvuna, aliuza magunia ya alizeti akaja Dodoma mjini kumnunulia binti yake kompyuta, maana alikuwa anaanza chuo. Kwa bahati mbaya mimi nilikuwa safarini. Akaingia katika duka moja (jina lake nalihifadhi), akaonyeshwa boksi jeusi lenye stika inayong'aa ya Core i7. Muuzaji akamwambia, "Mzee wangu, hii ni i7, juu ya hii hakuna." Pembeni yake kulikuwa na nyingine ya i3 kwa bei ileile, na mjomba akaiona kama ya watoto. Akalipa laki nne na nusu.

Niliporudi nikaiwasha. Ndani yake kulikuwa na prosesa i7-2600, ambayo ilitoka kiwandani mwaka 2011. Na ile i3 aliyoidharau? Binti alikuwa amepiga picha lebo zote mbili kwa simu: ilikuwa i3-8100, ya mwaka 2017. Kwa kazi za mwanafunzi ile i3 ingefanya kazi sawa na i7 yake au kuizidi, tena kwa umeme mdogo zaidi, na ingepokea Windows 11, jambo ambalo i7-2600 haikubaliwi rasmi.

Sasa mtu atauliza, je, muuzaji alidanganya? Hapa ndipo pagumu. Alisema i7, na kweli ilikuwa i7. Sisi tumesoma katika mlango wa mauziano kwamba mwenye bidhaa anapaswa kueleza aibu ya bidhaa yake, na kwa maoni yangu umri wa mashine ni katika aibu hizo. Lakini nusu ya lawama naiweka kwetu, kwani katika familia nzima iliyokuwa na vijana watatu waliosoma somo la kompyuta, hakuna hata mmoja aliyemwambia mzee aulize namba kamili.

Basi tuisome namba yenyewe. Chukua i7-2600. Ile "i7" ni daraja tu ndani ya kizazi chake, kama vile mwanafunzi wa kwanza darasani. Wa kwanza wa darasa gani? Hilo linajibiwa na tarakimu inayofuata baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 6500 ni kizazi cha 6, 8100 ni kizazi cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu zinakuwa mbili, yaani 10400 ni kizazi cha 10 na 12400 ni cha 12. Wa kwanza wa darasa la pili hashindani na mwanafunzi wa kawaida wa darasa la nane, na hakuna mzazi asiyelijua hilo.

Mwishoni mwa namba mara nyingine huja herufi. T maana yake ni prosesa inayotumia umeme mdogo, K ni ile inayoruhusu kuongezewa kasi na mwenyewe, na F ndiyo ya kuogopa kwa mnunuzi asiyejua, kwani haina sehemu ya picha ndani yake. Ukinunua yenye F bila kadi ya picha, mashine itawaka, feni itazunguka, na kioo kitabaki cheusi. Kampuni ya AMD yenye prosesa za Ryzen nayo ina utaratibu wake wa namba, na kanuni ni ileile ya kutaka namba nzima. Prosesa mpya zaidi za Intel za mezani, tangu mwaka 2024, zimeitwa Core Ultra, lakini hizo hazijawa tatizo la wanunuzi wa mitumba.

Jambo la pili linalowapoteza watu ni gigahezi. Wengi wetu tumekaririshwa kuwa gigahezi nyingi ndiyo kasi kubwa. Gigahezi 3.4 maana yake ni mapigo bilioni 3.4 kwa sekunde, sawa, lakini kila pigo linafanya kazi kiasi gani? Wenyeji wa huku kwetu tunajua habari ya kuchota maji. Mtoto mwenye kidumu cha lita 5 anaweza kwenda mbio na kurudi mara tatu, na dada yake mwenye ndoo ya lita 20 akaenda mara moja tu kwa mwendo wa taratibu, na pipa likajazwa na dada. Kuhesabu safari bila kuhesabu lita ni kujidanganya.

Na hili liliwahi kuwapata hata watengenezaji. Mwishoni mwa mwaka 2000 Intel walitoa Pentium 4 ya gigahezi 1.4 na 1.5, na katika kazi kadhaa ikashindwa na Pentium III ya gigahezi 1. Wakaendelea kupandisha mapigo, joto nalo likapanda, hadi Oktoba 2004 wakaufuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, na ile ya gigahezi 2.4 ikaiacha mbali Pentium 4 ya gigahezi 3.8. Mfano wa karibu zaidi, ambao mtu anaweza kukutana nao dukani leo, ni i5-7500 yenye gigahezi 3.4 na i5-8400 yenye gigahezi 2.8. Zote ni za mwaka 2017. Ya kwanza ina viini 4, ya pili ina viini 6 na ikihitaji hujipandisha hadi gigahezi 4.0. Mwenye kuangalia gigahezi za kwanza peke yake ataichukua iliyo dhaifu.

Nimetaja viini. Kiini ni kama mpishi. Siku ya shughuli ya Maulidi, wapishi wanne wanamaliza haraka kuliko mmoja, huyu nyama, yule viungo, mwingine mchele. Lakini sufuria moja ya wali ikishateleka, hata ukiwaita wapishi ishirini haitaiva mapema. Ndivyo zilivyo programu: nyingine kazi yake inagawanyika, nyingine haigawanyiki. Kuandika insha, kusikiliza kisomo na kufungua kurasa chache za intaneti ni kazi ya viini 4 bila shida. Kumnunulia mtoto wa kidato cha pili viini 12 ni israfu tu, na zile pesa ni bora ziende kwenye diski ya SSD na kumbukumbu ya RAM ya GB 8 au 16, ambazo atauona uzuri wake kila anapoiwasha. Kuna pia kile kinachoandikwa kwa MB na kuitwa kache, ambacho ni chumvi iliyowekwa karibu na mpishi ili asitoke kila mara kwenda stoo. Kikiwa kingi ni vizuri, lakini mtu asikose usingizi kwa ajili yake.

Kwa nini nasisitiza kizazi cha 8? Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watu binafsi waliojiandikisha wakatoa nyongeza ya marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapoziondoa mashine za zamani, nyingine hutujia sisi. Ndiyo maana bei inaonekana nzuri. Fundi atakuambia ataingiza Windows 11 kwa njia za panya. Inawezekana, lakini Microsoft hawaahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata marekebisho. Njia ya halali na ya bure kwa mashine za zamani ni Linux.

Katika kukagua, stika isiaminiwe. Stika zinauzwa peke yake na kubandikwa popote. Hata jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kubadilishwa na mjanja kabla hujafika. Kwa hiyo mwambie muuzaji aizime kabisa na kuiwasha upya mbele yako, kisha aingie BIOS: kwa HP za ofisi ni kitufe cha F10, kwa Dell ni F2, kwa Lenovo ThinkCentre ni F1. Hapo utaiona namba nzima. Muuzaji anayekataa kufanya hivyo, umsalimie na uondoke. (Na tafadhali, tuache kuliita boksi zima "CPU". CPU ni hiyo prosesa, kitu cha kutosha kiganjani.)

Liko na la Dodoma yenyewe. Kiangazi chetu ni kirefu na vumbi letu linajulikana. Vumbi likijaa katika chuma cha kupoozea kilicho chini ya feni, joto hupanda na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Zile gigahezi za juu ulizolipia hutaziona tena. Mara ngapi tumesikia "kompyuta imezeeka", kumbe inahitaji brashi, na pesti mpya kati ya prosesa na chuma chake! Angalia pia wati. i7-2600 imeandikwa wati 95, na i5-6500T imeandikwa wati 35. Wati hizo hazisomeki moja kwa moja kwenye LUKU, lakini zinaonyesha mwelekeo: darasa la mashine 10 zikifanya kazi kwa nguvu zote, tofauti ni kama wati 600, na kwa saa 4 ni karibu uniti 2.4 kila siku.

Katika nchi yetu gharama ya kununua mashine tusiyoielewa si ngeni. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya hesabu za Serikali kuvurugika kwenye mashine hizo, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Mashine zilikuwepo, waliokosekana ni watu wa kutosha wenye kuzijua.

Kwa hiyo maoni yangu kwa walimu wetu, kwa heshima zote, ni kwamba somo la kompyuta lipunguze kukariri. Tunaandika daftari zima kuwa prosesa ni ubongo wa kompyuta, tunapewa alama, kisha tunapelekwa dukani tukiwa vipofu. Napendekeza katika mtihani wa mwaka ujao mwanafunzi apewe lebo tatu za mashine halisi na bei zake, aulizwe ipi amnunulie mama yake na kwa nini. Napendekeza pia kila mwanafunzi wa darasa la juu aijue njia ya kuingia BIOS kabla hajamaliza, na asikubali jamaa yake aende kununua kompyuta peke yake.

Ama boksi la mjomba, muuzaji alikataa kulirudisha. Tuliliwekea diski ya SSD na Linux, na binti analitumia kuandikia kazi zake za chuo, na linakwenda. Kipindi cha likizo nilipokwenda Kondoa nilikuta mjomba ameibandua stika ya i7 na kuibandika kwenye pikipiki yake.