Benz ya mtumba: kagua miguu, si rangi

Mhariri,

Wengi wanaonunua Mercedes-Benz S-Class za mwaka 1998 hadi 2005 huvutiwa na rangi na viti vya ngozi, wakasahau miguu, yaani shokapu. Mengi ya magari haya hubebwa na shokapu za upepo. Omba gari lilale limezimwa, uje alfajiri: likiinama kona moja, ujue upepo unavuja, na huenda pampu nayo imechoka. Liwashe likiwa bado la baridi, usikilize gia zinavyoingia. Kilomita za dashibodi huchezewa. Kwa hiyo tazama pedali ya breki na usukani vimelika kiasi gani. Fundi wako, si wa muuzaji, alipime kwa kompyuta kabla hujatoa hata shilingi. Bei inaweza kuwa ya kutupa, lakini vipuri havitakuonea huruma.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam