Kilua si "aina ya ua"

Fungua kamusi ya Kiswahili iliyo karibu nawe utafute afu. Kisha asumini. Kisha kilua, langilangi, mkadi. Ukikuta neno lenyewe limo, shukuru. Maelezo utakayopewa, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, ni aina ya ua, aina ya mti, mmea wenye maua yanayonukia. Unafunga kamusi ukiwa umejua kwamba vitu vitano vinanukia. Kipi ni kipi, hujui. Mtu akikutuma uani kwake ukamchumie kilua utamrudishia jani la mwembe.

Nimechoka na hii "aina ya". Na nimechoka zaidi na sisi watu wa fasihi tunaoipokea bila kelele, sisi ambao mtu akikosea mizani ya shairi tunamvamia wiki nzima.

Kilwa Kivinje alikuwapo bibi mmoja, sasa ni marehemu, ambaye kwake hapakuwa na "aina ya". Familia yake imeomba nisimtaje jina, na simtaji. Nilifika mji ule kwa kazi ya habari isiyomhusu kabisa. Mwenyeji wangu akanipitisha kwake kununua asumini za mkewe. Nilikaa pale mpaka magharibi, na baada ya hapo kila nikipita Kilwa nilikuwa nakwenda kumwamkia.

Uani kwake kulikuwa na mlangilangi mmoja mrefu, mkadi kwenye kona yanakomwagikia maji ya kuogea, na mkilua chini ya kivuli cha mwembe. Vingine vyote vilikuwa kwenye makopo ya rangi, madebe, ndoo zilizopasuka na sufuria moja iliyotoboka kitako. Rihani, mhina, waridi moja lisilopenda joto, asumini za namna mbili, na afu iliyotambaa mpaka juu ya paa la choo.

Alinifundisha haya. Asumini huchumwa alasiri likiwa bado limefumba, ili lifumbuke usiku kwenye nywele za mwenyewe. Anayechuma asubuhi anaokota mabaki. Langilangi likiwa kijani usiliguse, subiri liwe manjano na ndani kwenye kitako uone wekundu. Kilua hulioni kwa macho, maana linaning'inia chini ya majani na rangi yake haina makuu. Unalitafuta kwa pua. Mkadi una dume na jike, na anayenukia ni dume. Hapo alicheka sana, akasema, "Mjukuu wangu, ndio maana haupandwi mmoja ukatulia." Rihani ukatwe vichwa kila unapotaka kuchanua, la sivyo unazeeka upesi.

Sasa linganisha na "aina ya ua". Bibi yule hakumaliza shule, lakini kila sentensi yake ilikuwa fasili kamili. Ilikuambia umbo la kitu, wakati wake, matumizi yake, na namna ya kukitofautisha na jirani yake. Hiyo ndiyo kazi ya kamusi. Ndiyo kazi ya mwandishi pia, tukiacha mbwembwe.

Fahari yake hasa haikuwa hayo yanayonukia. Ilikuwa makopo ya ukutani yenye mimea ya majani tu, ile ambayo wataalamu huiita kaladiamu na sisi tunaiita maua hivyo hivyo, maana kwetu kila kinachopandwa kwa ajili ya macho ni ua. Majani mapana, mepesi kama karatasi. Mengine mekundu katikati na kijani pembeni, mengine meupe yenye mishipa ya kijani, mengine yana madoa kama mtu kanyunyiza chokaa. Kila kopo lilikuwa na jina la mahali lilikotoka au la aliyempa: la Mingoyo, la shangazi, la nahodha, la harusi ya fulani. Ukimuuliza moja unapewa habari ya ndoa, safari au ugomvi uliokwisha. Angeweza kukutajia makopo yote akiwa ameyapa mgongo.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wa namna hii, na mmea wao ni hosta. Asili yake ni Japani, Korea na China, unapendwa kwa majani yake, na Kilwa haungeishi kwa sababu unahitaji baridi ya kuulaza usingizi kila mwaka. Wapenzi wake Marekani wana chama tangu 1968, wana daftari la aina zilizosajiliwa, na zinahesabiwa kwa maelfu. Mwaka 1936 mama mmoja mpenda bustani, Frances Williams, aliona katika kitalu cha biashara huko Connecticut hosta moja yenye ukingo wa manjano ambayo haikufanana na wenzake. Akaichukua, akaitunza, akawagawia wenzake. Amekwishafariki miaka mingi, na hosta ile inauzwa mpaka leo kwa jina la 'Frances Williams'. Hakugundua dawa ya ugonjwa wowote. Aliona tofauti ya jani moja, na watu wake wakaona hilo linatosha kuandikwa.

Bibi wa Kivinje aliona tofauti za majani maisha yake yote. Alifariki wakati wa kipupwe. Kaladiamu nayo hulala: ukame ukiingia majani yananyauka yote, kinabaki kiazi chini ya udongo kikingoja mvua. Baada ya arobaini warithi wakagawana nyumba na minazi kama sheria inavyotaka. Ukutani walikuta safu ya makopo yenye udongo mkavu tu. Udongo ukamwagwa jalalani, makopo yakaenda kwa mnunua vyuma chakavu. Siwalaumu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba udongo ule una kitu. Mvua zilipoanza jalala likaota majani mekundu, meupe na ya madoa, yamechanganyika, na hapakuwa tena na mtu wa kusema lipi la Mingoyo na lipi la nahodha.

Najua jibu litakalokuja. Eti huyu hakuwa mwandishi, amuomboleze Bwana Shamba. Haya. Shaaban Robert, ambaye tunamwita baba wa fasihi yetu, alikaa chini akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyeanza maisha yake mjini kwa kuuza vyungu. Aliona kwamba mtu anaweza kuibeba lugha bila kushika kalamu. Sisi warithi wake tunasubiri mtu achapishe diwani ndipo tumwandikie tanzia.

Jibu la pili litakuwa kwamba maua ni anasa na Lindi ina shida zake. Wanaosema hivi hawajawahi kununua kikuba. Rihani, asumini, vipande vya mkadi na kilua vikifungwa pamoja ni bidhaa. Huvaliwa kifuani na kichwani, hutakiwa kwenye kila harusi, na Ijumaa inapokaribia mwenye mti hakosi wateja. Ua la bibi yule, nasema ua lenye wingi wa nyua, lililipa ada za shule. Na hata lisingelipa kitu, hivi ni lini tuliambiwa kwamba maskini haruhusiwi kupenda rangi ya jani?

Tatizo letu si kwamba hatukumbuki mimea. Tunaikumbuka kwa upendeleo. Kila aliyesoma historia Tanzania anajua habari ya Richard Hindorf na miche ya katani ya mwaka 1893: ilitoka Florida ikiwa elfu moja, ikafika pwani yetu ikiwa hai 62. Tulikariri mpaka idadi. Miche ile ilizaa mashamba kuanzia Tanga mpaka Lindi, na babu zetu walifanya kazi humo kwa ujira tunaoujua. Sina ugomvi na kuikumbuka. Nauliza tu kwa nini 62 za Mjerumani zinaingia kwenye mtihani na makopo ya bibi yanaingia jalalani.

Au chukua Hans-Joachim Schlieben, aliyekusanya mimea Lindi katika miaka ya 1930. Upo mti wa miiba na maua mekundu unaoitwa kisayansi Erythrina schliebenii. Mwaka 1998 ulitangazwa kuwa umetoweka duniani. Miaka michache baadaye ukaonekana tena katika msitu wa Namatimbili, wilayani Kilwa. Jina lake ni la mzungu aliyepita. Waliomwonyesha njia ya msituni, waliokuwa na jina lao la mti ule, hawamo.

Lakini ipo mara moja ambapo mambo yalikwenda kinyume, na inafaa kila mpenda Kiswahili aijue. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipoandika mmea wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambao haukuingia katika jenasi yoyote iliyokuwapo, jenasi mpya aliiita Mkilua. Mmea wote unaitwa Mkilua fragrans, na katika jenasi hiyo uko peke yake. Wataalamu wa mimea London, Paris na kwingine kote wanalazimika kutamka Kiswahili wakitaka kuutaja. Neno lile halikutoka chuoni. Lilitoka kwa watu walioufahamu mti, wakauhamishia uani, wakalitunza neno pamoja na shina.

Ndipo nawageukia washairi wetu. Nikisoma mashairi ya mapenzi yanayoandikwa sasa nakutana na waridi mara kumi kabla sijakutana na kilua mara moja. Waridi ni zuri, lina heshima yake ya miaka mingi, lakini ni mgeni, na wengi wanaolitaja wanalijua la plastiki lililo juu ya televisheni. Kilua ni la pwani hii, halipo kwingine, na linafanya kile ambacho ushairi wa mapenzi unakililia kila siku: linajificha, halina sura, na linakujulisha lilipo kabla hujaliona. Mshairi anayelijua anayo sitiari nzima bure. Asiyelijua ataandika "ua langu lenye harufu", na hapo tumerudi kwenye "aina ya ua", safari hii kwa vina.

Uvivu huo huo uko katika Kilwa tunayoiandika. Ni Kilwa ya mawe: Ibn Battuta amefika 1331, Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu, orodha ya UNESCO 1981. Makala kumi, Kilwa moja, na wote waliomo ni masultani. Mawe yanastahili. Ila mawe yamedumu miaka mia saba na yatatungoja. Ujuzi wa kuchuma asumini alasiri hauwezi kutungoja, kwa sababu umo ndani ya watu wenye miaka themanini.

Mfano wa kufanya hatuna haja ya kuuagiza. Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyefika pwani yetu mwaka 1879, alikusanya mimea kwa maelfu na maneno kwa maelfu, kwa pamoja. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, ina majina ya mimea yenye maelezo ambayo kamusi zetu wenyewe hazina. Inauma kwamba mwanafunzi wa Lindi anayetaka kujua mmea wa nyumbani kwao inambidi ajue Kifaransa. Na hakukuwa na uchawi: padri yule aliuliza wenyeji, akakata tawi, akaandika.

Kwa hiyo nasema kwa waandaaji wa kamusi: tokeni ofisini. Mwenye fasili ya mkadi yuko Kivinje, Mingoyo, Mchinga, Lindi mjini, na hatalipwa posho ya kikao ili aseme. Kwa wahariri wa mashairi: mtu akileta ua ndani ya shairi, muulizeni ni lipi. Na kwa sisi wengine wenye mabibi: tuulize makopo yanaitwaje, tena kabla ya kipupwe.

Majirani zake wamekwisha kutangulia. Yupo mama mmoja mtaa wa pili aliyepewa kitawi cha asumini na marehemu miaka iliyopita. Mti umekuwa mkubwa, naye amewagawia wengine, na wote wanaiita asumini ile kwa jina la bibi. Wamefanya walichofanya wale wa Connecticut, bila chama na bila daftari.

Mimi naweka fasili moja mezani, kama nilivyoisikia kwake:

Kilua, wingi vilua: ua la mkilua, mti mfupi wa kivulini wa misitu ya pwani, hupandwa pia nyuani. Huning'inia chini ya majani. Rangi yake ni kijani kilichokwenda manjano, haivuti macho. Hutafutwa kwa pua. Hutiwa kwenye kikuba, kwenye nywele na ndani ya nguo zilizokunjwa.

Anayejua zaidi anisahihishe. Na aliye na ya mkadi, dume na jike, ailete.