Gari la Uani na Kadi Yake

Fundi anapomaliza kuchomelea kipande cha mwisho cha fremu, akafunga injini, akatia petroli na kuwasha, mtaa mzima hutoka kuja kutazama. Watoto hushangilia, majirani hutoa pongezi, na mama mwenye nyumba, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiruka vyuma uani ili apate kuanika nguo, hushusha pumzi. Lakini asubuhi ya pili huja swali ambalo pengine halikuulizwa siku ya kwanza: gari hili litaingia barabarani kwa kadi gani?

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo ninalopenda tulizungumze Jumapili hii. Ni jambo linalohusu nyumba nzima, wala si fundi peke yake. Fedha zilizonunua vyuma vile zilitoka katika mshahara uliokuwa ulishe watoto na kulipa kodi ya nyumba. Gari likibaki uani kwa kukosa namba, akiba hiyo imegeuka kutu. Likitolewa barabarani bila namba, hatari yake ni kubwa zaidi, kama tutakavyoona.

Kwanza tufahamu kwa nini gari la kiwandani halina taabu hii. Gari la kiwandani hupewa jina lake siku linapozaliwa. Kiwanda hugonga namba kwenye chesisi na nyingine kwenye injini, na namba hizo hufuatana na gari melini, bandarini, kwa mnunuzi wa kwanza na wa kumi. Tangu mwaka 1981 magari yanayotengenezwa kwa ajili ya barabara za Marekani yamekuwa yakibeba namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, na mtindo huo umeenea katika nchi nyingi. Kadi ya gari hufuata namba zile.

Gari lililojengwa uani halina kiwanda cha kulitolea ushahidi. Fremu imetoka mkononi mwa fundi, injini imetoka katika gari lililopata ajali, giaboksi imenunuliwa kwa mwingine, na milango imeokotwa penye vyuma chakavu. Ndipo Serikali yoyote ile hulazimika kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, vitu hivi ni mali halali, au kuna mtu analia kwa kuibiwa injini yake? La pili: je, chombo hiki ni salama kwa anayekiendesha na kwa anayepita kando ya barabara? Mwenye kuyajibu maswali hayo mawili kwa ushahidi amekaribia kupata kadi. Asiye na majibu, hata kama gari lake linang'aa kama kioo, bado hana gari mbele ya sheria.

Nchi ambayo imekuwa na mazoea ya siku nyingi katika jambo hili ni Uingereza, na inafaa tuitazame. Mwaka 1948 kijana mmoja aliyesoma uhandisi London, Colin Chapman, alitumia gari kuukuu aina ya Austin Seven kujengea gari lake la kwanza. Kazi hiyo aliifanyia katika banda la gari nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Kutokana na kazi hiyo ya uani ikazaliwa kampuni ya Lotus. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilianza kuuza gari dogo liitwalo Lotus Seven, na wateja wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunga wenyewe nyumbani. Sababu kubwa ilikuwa ni fedha: gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, lakini vipande vya kuunga havikutozwa. Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973 kodi hiyo ilipofutwa na nyingine kushika nafasi yake, lakini mazoea ya kujenga magari nyumbani yalikuwa yamekwisha kuota mizizi.

Kwa miaka mingi magari hayo hayakuwa na mtihani wa peke yake. Mwaka 1998 Serikali ya Uingereza iliweka ukaguzi maalumu kwa magari yaliyojengwa na watu binafsi, na mwaka 2009 ukaguzi huo ukabadilishwa na kuwekwa mwingine mkali zaidi unaotumika mpaka sasa. Sheria inamtambua mjenzi wa nyumbani kuwa ni mtu aliyejenga gari kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa biashara ya kutengeneza magari.

Mkaguzi hatazami uzuri wa rangi. Hupima breki, taa, vioo, mikanda, honi, wipa, spidomita, moshi na kelele. Hutazama kama usukani, baada ya kukata kona na kuachiwa, hurudi wenyewe kuelekea katikati. Usiporudi, gari halipiti. Hupitisha kifaa cha kupimia kwenye kingo za bati na vyuma vilivyochomoza nje. Ukingo unaoweza kumgusa mtu hautakiwi kuwa mkali: sharti uviringwe, na nusu kipenyo cha mviringo huo isipungue milimita 2.5. Mtu anaweza kucheka kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini fikiria mtoto anayevuka barabara akagongwa kwa mwendo mdogo tu. Ukingo ulioviringwa utamwachia uvimbe. Ukingo mkali kama panga utamkata mshipa.

Anayeshindwa hafukuzwi. Hupewa orodha ya kasoro, akarekebishe, kisha arudi. Anayeshinda hupewa hati ya kuthibitisha gari lake. Na kwa kuwa gari halina namba bado, sheria humruhusu kuliendesha hadi kwenye ukaguzi alioandikishiwa siku, mradi awe na bima.

Hati hiyo haimalizi kazi. Mjenzi hupeleka maombi kwa ofisi ya kuandikisha magari pamoja na taarifa ya namna alivyolijenga, stakabadhi za vipande alivyonunua, na picha za gari. Ikiwa chesisi haina namba, ofisi humpa namba ya kugonga. Kisha hufikiriwa umri wa gari: vipande vipya hutazamwa kwa namna yake, na vipande vilivyotoka katika gari moja kuukuu kwa namna nyingine. Ikiwa umri au asili ya gari haviwezi kuthibitishwa, hupewa kibao cha namba inayoanza kwa herufi Q, utaratibu uliowekwa mwaka 1983. Kibao hicho humwambia kila mnunuzi wa baadaye kwamba gari hili ni la mchanganyiko, hivyo atazame mwenyewe. Kwa njia hiyo Serikali haikuua ufundi wa raia, wala haikumficha mnunuzi.

Marekani kila jimbo lina taratibu zake. Katika jimbo la California, polisi wa barabara kuu hukagua namba za vipande na stakabadhi ili kuhakikisha kwamba hakuna mali ya wizi. Na kwa kuwa jimbo hilo lina sheria kali za moshi, liliweka nafasi 500 tu kila mwaka kwa magari yaliyojengwa nyumbani ambayo hupimwa moshi kwa kufuata mwaka wa gari yanalofanana nalo, au mwaka wa injini yake. Wajenzi wamewahi kukesha kuzisubiri nafasi hizo mwaka ulipoanza.

Sasa turudi nyumbani. Ufundi hatuukosi. Shirika la Nyumbu kule Kibaha limeonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba Mtanzania anaweza kubuni na kuunda gari, na katika mitaa yetu wako vijana wanaofanya maajabu kwa mashine moja ya kuchomelea. Sheria pia tunazo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, uandikishaji wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato, na kadi ya gari hutaja namba ya chesisi na ya injini. Mambo hayo fundi wa uani hana budi kuyajua kabla hajawasha moto wake, si baada ya kuuzima.

Kwa hiyo, baba au kaka unayeanza kazi hii, pokea ushauri huu. Kwanza, nenda ukaulize mapema Mamlaka ya Mapato na polisi wa usalama barabarani wanataka nini kwa gari la namna yako. Usiulize kwa mdomo tu. Andika barua, eleza ukubwa wa gari, injini na matumizi, kisha uombe ujibiwe kwa maandishi. Afisa aliyekujibu leo kwa maneno anaweza kuhamishwa kesho, na maneno yake yakahama naye.

Pili, usinunue injini gizani. Dai nakala ya kadi ya gari ilimotoka. Andikianeni hati ya mauziano yenye namba ya injini, tarehe, bei, majina na saini mbele ya shahidi. Ikiwa injini imetoka nje ya nchi, pata karatasi za forodha. Injini ya bei ya kutupa isiyo na karatasi inaweza kukupeleka mahabusu pamoja na gari lako.

Tatu, weka daftari. Kila kipande kiandikwe, na kila stakabadhi ibandikwe. Piga picha kila hatua, hasa fremu ikiwa tupu na mahali palipochomelewa, kwa sababu rangi ikishapakwa mkaguzi hawezi kuona kilichomo ndani. Kazi hii, kwa maoni yangu, apewe mama au mtoto mwenye mwandiko mzuri. Hapo gari litakuwa la nyumba nzima, na mama naye atajua kila shilingi imekwenda wapi.

Nne, mpate mhandisi au fundi mwingine asiyekuwa rafiki wa kukusifu, akague breki, usukani na maungo ya fremu. Kazi yako mwenyewe huwezi kuiona kasoro.

Yako maneno ninayoyasikia mara kwa mara: "Mimi nitaliendesha mtaani tu, mpaka sokoni na kurudi." Ndugu yangu, mtaani ndiko waliko watoto. Sheria yetu inamtaka kila mwenye gari barabarani awe na bima ya kuwafidia wengine, na kampuni ya bima itakuuliza namba ya gari kwanza. Breki zikikataa mbele ya shule, hakuna kampuni itakayosimama nyuma yako. Utasimama peke yako mahakamani, na fidia itatoka katika kiwanja, cherehani ya mkeo na ada za wanao. Nao wazazi wa mtoto aliyeumia hawatapata haki yao kwa wepesi, kwa kuwa fundi wa uani hana hazina ya kuwalipa.

Nao wanaotunga taratibu wakumbuke upande wao. Kijana aliyejenga gari kwa uaminifu, mwenye daftari lake mkononi, hastahili kuzungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Anastahili kuambiwa wazi: fanya hiki, leta kile, utakaguliwa siku fulani. Kama jibu ni hapana, aambiwe mapema, kabla hajamaliza akiba yake.

Basi, ikiwa nyumbani kwako kuna fremu iliyokwisha anza kusimama uani, jioni ya leo kaeni pamoja na muulizane: karatasi za injini ziko wapi? Kama hazipo, kazi ya kesho iwe kumfuata aliyewauzia. Kuchomelea kutaendelea baadaye.

Tuonane Jumapili ijayo.