Maoni: Bunduki ya babu nayo inahitaji kibali

Ukirithi au ukinunua bunduki ya zamani ya risasi ndogo huko Kinkondja, una sababu ya kufurahi: ni nyepesi, kishindo chake ni kidogo, na haiharibu nyama ya kanga. Lakini sheria ya silaha ya mwaka 1985 inadai kibali, na ile ya uwindaji ya 1982 inadai ruhusa ya kuwinda. Tena Mbuga ya Taifa ya Upemba, iliyoundwa 1939, haiko mbali. Katika eneo lililoteswa na Maï-Maï, mwindaji asiye na karatasi hushukiwa upesi kuwa mwasi. Wenye bunduki wajitokeze kuziandikisha. Serikali nayo ilete huduma hiyo karibu na vijiji, bila kumtisha raia anayejitokeza mwenyewe.