NDEGE YA SIMU INAKULA MSHAHARA, NASI TWATOZANA FAINI

Ndugu wafanyakazi wenzetu,

Sisi tunaoandika maneno haya ni watu watatu wa gengi la njia ya reli, wakaaji wa Kiganjo. Kiganjo yetu ni hii ya Thika, si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Twasema hivyo kwa sababu barua ya chama iliwahi kwenda kule ikakaa majuma matatu. Shule yetu ni ile ya misheni, darasa la nane basi, wala hatujidai kuwa wataalamu wa kompyuta. Lakini kujumlisha na kugawanya tulifundishwa kwa kiboko, na jambo tunalotaka kulisema lataka hesabu kuliko utaalamu.

Kuna hoja imeletwa katika tawi letu. Yasema kwamba mwanachama yeyote atakayeonekana akicheza kamari ya simu atozwe faini ya shilingi 500, na akirudia asidhaminiwe tena mkopo. Walioileta ni watu wema, na mmoja wao ni mzee tunayemheshimu sana. Hata hivyo twaipinga, na twataka kila mtu ajue kwa nini kabla ya siku ya kura.

Kwanza tukiri, maana wapinzani wetu watasema tunajitetea. Ni kweli tumecheza. Mmoja wetu siku moja alitia shilingi 100 akatoa 4,300, akanunua kilo mbili za nyama na viatu vya mtoto, akajiona bwana mkubwa. Hakuandika mahali popote zile mia nyingine zilizotangulia, wala zile zilizofuata. Hakuna mtu anayeziandika.

Tena jambo lililozaa hoja hii limetuchoma sisi kuliko lilivyowachoma walioileta. Mwenzetu mmoja alichukua mkopo wa shilingi 60,000 katika Sacco kwa ajili ya karo ya binti yake. Wadhamini tulikuwa sisi watatu. Pesa ziliingia katika simu siku ya Jumanne, na kufikia Jumamosi hazikuwako tena. Kampuni ya kamari iliyozimeza hatuitaji, wala mwenzetu hatumtaji, na anayemjua amstahi. Sasa kila mwezi hati ya mshahara wa kila mmoja wetu hupungua shilingi 2,500, na itakuwa hivyo kwa miezi minane. Kwa hiyo hatusemi haya kwa kumhurumia mtu bure. Tunalipa. Twafikiri anayelipa ana haki ya kuuliza pesa zimekwenda wapi.

Juu ya jambo hili maoni hayapungui. Kaa katika kibanda cha chai saa kumi na moja jioni, gengi limerudi, nyundo zimewekwa chini, utayasikia yote kabla kikombe hakijapoa. Huyu asema kamari ni ujinga wa mtu mwenyewe, mbona mimi sichezi. Yule asema ni kosa la intaneti, simu za zamani zilitosha. Kijana asema vijana hawana kazi, waache wajaribu bahati. Na siku zote yuko mmoja, sauti ya chini, asemaye kwamba yeye amekwisha kuijua siri ya mtambo, na kuna programu ya kutabiri inayouzwa, ukitaka atakuunganisha na mwenyewe.

Huyu wa mwisho ndiye wa kujibiwa kwanza, kwa kuwa ndiye anayewamaliza watu.

Mchezo unaotajwa zaidi hapa ni ule wa ndege, Aviator, uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe yenye asili yake katika nchi ya Georgia. Kampuni nyingi za kamari huuweka katika milango yao. Ndege yapaa, na namba yapanda nayo: mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Ukibonyeza kabla haijatoweka, walipwa kwa namba hiyo. Ikitoweka kwanza, umekosa. Mchezaji huona kwamba kazi ni ya kidole chake na jicho lake. Anafikiri angewahi kidogo tu.

Ndugu, hakuna kuwahi. Mahali pa ndege kutoweka hupangwa na hesabu ya mtambo mwanzoni mwa kila safari, kabla ndege haijaonekana kupaa. Sisi watu wa reli twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Pointi zikikwisha kupangwa, treni itaingia njia iliyopangiwa, hata abiria aegemee upande upi. Na anayekuuzia programu ya kutabiri, angekuwa anaijua namba, angekaa kimya nyumbani kwake atajirike. Asingehitaji shilingi 1,500 zako.

Sasa hesabu. Wenye mchezo huo husema wazi kwamba kwa wastani mtambo hurudisha asilimia 97 ya pesa zinazotiwa. Mtu akisikia hivyo huona ni wema mkubwa: katika 100 wanabaki na 3 tu! Lakini asilimia hiyo si ya pesa uliyokuja nayo. Ni ya kila safari ya ndege. Pesa ile ile hutiwa, hurudi, hutiwa tena, na kila ikipita mlangoni huachwa kipande. Mtu anayetia shilingi 50 kwa kila safari, akicheza safari 570, ametia jumla ya shilingi 28,500, ingawa mfukoni hakuwa na zaidi ya elfu moja. Asilimia 3 ya hizo ni shilingi 855. Safari hizo 570 si nyingi. Safari mbili au tatu hupita katika dakika moja, na mlinzi wa zamu ya usiku huzimaliza kabla ya jogoo kuwika. Kweli huo ni wastani. Huyu atatoka na kitu na yule atamaliza elfu yake katika nusu saa. Lakini wa kwanza hulipwa kwa pesa za wa pili, na kipande cha mtambo kimekwisha kutolewa.

Na pembeni ya ndege kuna orodha ya majina yanayopita, fulani ameshinda hiki, fulani kile. Anayepoteza jina lake hukaa kimya. Fundi aliyeipanga programu hiyo alijua anafanya nini.

Basi turudi kwa yule asemaye ni ujinga wa mtu mwenyewe. Upande mmoja kuna mtu aliyeshindilia kokoto chini ya mataruma tangu asubuhi, mgongo unamuuma, mshahara umebaki shilingi mia tatu na mwezi una siku tisa. Upande wa pili kuna mafundi wenye kulipwa vizuri, na mtambo usiolala, unaoweka kumbukumbu ya kila senti aliyotia na saa aliyoitia. Kuuita huo ugomvi wa mtu na tabia yake ni kuwapa wenye mali zawadi. Hakuna kiwanda hapa Thika ambapo mashine ikikata vidole vya watu kumi katika mwezi mmoja, chama kitawatoza faini wenye vidole. Chama hudai mashine iwekewe kinga.

Wala hatukatai mashine. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mama zetu huko nyumbani hupata pesa siku ile ile, bila kumpa dereva wa matatu bahasha na kumwombea dua. Yule anayetaka turudi kwenye simu za zamani hatumfuati. Tena kamari ilikuwako kabla ya intaneti. Wazee wetu waliacha mishahara kwenye karata. Tofauti ni kwamba karata zilikuwa na mwisho, watu walilala.

Sasa Serikali. Tunapenda kuuliza iko upande gani, maana ushuru wake umekuwa kama ndege yenyewe, hupanda na kutoweka. Mwaka 2020 ushuru wa kamari ulifutwa. Mwaka 2021 ukarudishwa kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa 12.5, mwisho wa 2024 ukafika 15. Kisha sheria ya fedha ya 2025 ikaugeuza: asilimia 5 ya pesa mtu anazoingiza katika akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine ya pesa anazotoa. Pigeni hesabu wenyewe. Ukiingiza shilingi 1,000, Serikali huchukua 50, zabaki 950. Ukiogopa, ukazitoa zote bila kucheza hata mara moja, hukatwa 47.50 nyingine, wapata 902.50. Ndege haijaruka, na karibu shilingi mia zimekwenda. Ushuru ulishuka kutoka 15 hadi 5, na wako waliosema umepunguzwa kwa faida ya mchezaji. Mchezaji yupi?

Hatusemi Serikali haikufanya lolote. Mwezi Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na kwa siku hizo tulisikiliza mpira katika redio kama watu. Tarehe 7 Agosti 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kamari. Iliyokuwako ilikuwa ya mwaka 1966! Kwa miaka mingi mchezo wa simu ulitawaliwa na sheria iliyotungwa wakati simu ilikuwa kitu cha ofisini, imefungwa kwa waya ukutani.

Lakini kuna jambo moja hatulisahau, na ndilo tunalotaka walioleta hoja ya faini walifikiri. Mwezi Julai 2019 Serikali iliiagiza Safaricom izime namba za malipo za kampuni 27 za kamari. Ugomvi ulikuwa juu ya leseni na kodi. SportPesa na Betin zikasimamisha kazi zao nchini mwaka huo huo, na wafanyakazi wake wakapoteza kazi, nao pia walikuwa wafanyakazi. SportPesa ilirudi baadaye. Hatusemi ule ndio utaratibu mzuri. Twasema kwamba tuliuona ufunguo. Uko, na mwenye nao twamjua. Uligeuzwa Serikali ilipodai kodi yake. Karo ya watoto ilipokuwa inapotea haukugeuzwa.

Hata wakopeshaji wa simu walikuwa wakifanya wapendavyo, wakiwapigia jamaa zako wote simu kukuaibisha, mpaka sheria ya mwaka 2021 ilipowaweka chini ya Benki Kuu. Kwa hiyo programu si mvua. Yafungwa lijamu kama farasi mwingine yeyote.

Tunachotaka chama chetu kidai, pamoja na vyama vingine vya wafanyakazi, ni hiki. Mtambo unaojua saa unayocheza na kiasi unachotia waweza pia kukuzuia. Kila mchezaji apange kipimo chake cha mwezi akiwa na akili timamu, na akitaka kukipandisha angoje siku saba. Kipimo hicho kishike katika kampuni zote kwa namba ya kitambulisho, si katika kampuni moja, ili mtu asitoke mlango huu akaingia ule. Ujumbe wa kuvuta watu usitumwe siku za mishahara. Mkopo wa Sacco wa karo ulipwe moja kwa moja katika akaunti ya shule. Hili halihitaji Bunge, twaweza kulipitisha sisi wenyewe, na laiti tungalilipitisha mwaka jana. Na vibarua walipwe tarehe iliyoandikwa, kwa maana mtu anayecheleweshewa mshahara juma zima ndiye anayeitazama ndege hiyo kwa macho ya njaa.

Faini ya 500 itafanya jambo moja tu. Itawafundisha watu kuficha. Mwenzetu alificha siku nne, na siku nne hizo ndizo zilizomaliza shilingi 60,000. Angalituambia Jumatano usiku, huenda tungaliokoa nusu.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Hoja ya faini itasomwa kwanza, yetu itafuata. Mzee wetu tumekwisha kumwona na kumweleza, akasema tutajibizana mbele ya watu, nasi tumekubali. Walio zamu siku hiyo, wale wa Ruiru pia, wampe katibu kura zao kwa maandishi kabla ya Ijumaa jioni.

Wenu katika kazi,
Watu watatu wa gengi, Kiganjo, Thika