Programu na Zijifunze Kusamehe

KANDO YA MTO RUSIZI
Na Idi Habimana

Mwaka 1987, kampuni ya Apple ilipowachapishia watengenezaji wa programu kanuni zake za kiolesura, iliorodhesha misingi kumi, na mmojawapo ulikuwa msamaha: kwamba kila alitendalo mtu kwenye kompyuta liweze, kwa kadiri iwezekanavyo, kutenduliwa, na lile lisilotenduleka litanguliwe na onyo. Kwetu hapa Kamembe, Rwanda, mkabala na Bukavu ya Kongo, nathubutu kunena, huo ndio msingi unaostahili kutangulizwa mbele ya yote.

Sababu iko chini ya vidole vyetu. Wenzetu wa Bukavu, pamoja na wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa kabla ya uamuzi wa mwaka 2008 uliokifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, tumezoea kibodi ambayo herufi zake za juu huanza na A na Z, ilhali ile ya Kiingereza huanza na Q na W. Basi karani aliyeizoea ya kwanza, akiketishwa mbele ya hii ya pili, macho yake yakiwa kwenye karatasi anayoinakili, akataka kutendua kosa dogo kwa Ctrl na Z, kidole chake huangukia W, na dirisha hufungwa. Na akitaka kuteua maandishi yote kwa Ctrl na A, hugonga Q, ambayo katika programu nyingi ni amri ya kuifunga programu yenyewe.

Yuko atakayesema kwamba dawa ni karani kutazama anapogonga. Lakini mazoea ya mkono hayaondoki kwa nasaha, na watu wa mpakani hawataacha kuvuka daraja kwa sababu ya herufi nne. Programu yenye adabu humuuliza, kabla ya kujifunga, kama ahifadhi kazi. Isiyo na adabu huondoka na kazi ya asubuhi nzima bila hata taarifa.

Kwa hiyo wanaotununulia programu za ofisi, ziwe za serikali au za vyama vya akiba, na watie masharti matatu katika mkataba: kazi ijihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi, kitufe cha kutendua kionekane waziwazi kwenye skrini, kisitegemee kibodi peke yake, na majaribio yafanywe na makarani wa huku, kwa kibodi zote mbili, kabla muuzaji hajalipwa salio lake.